Kabla ya kuiita noti kosa la kiwandani, niambieni mashine ipi iliyokosea

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita mlichapa picha mbili za noti ya dola moja ya Marekani, mbele na nyuma, mali ya msomaji wenu anayeamini kuwa amepata kosa adimu la uchapaji. Nyuma ya noti hiyo, juu ya michoro ya kijani, kuna kivuli hafifu cha uso wa George Washington akitazama upande usio wake. Kandokando ya kivuli zinaonekana namba za noti, nazo zimegeuka kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo. Maelezo chini ya picha yakasema hakuna shaka kwamba noti hiyo iliharibikia kiwandani. Mimi shaka ninayo, tena imenikosesha usingizi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimefanya kazi ya kuchapa kwa miaka 31, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya ofseti. Fedha sijawahi kuchapa, hilo niliseme mapema. Nimechapa kalenda, vitabu, kadi za mialiko na fomu zisizo na idadi. Lakini karatasi haijui kama ni kalenda au ni noti. Ikiingia vibaya, inatoka vibaya. Nimewahi kuiacha shiti, yaani ile karatasi kubwa kabla ya kukatwa, ipite na kona iliyokunjika, ikatoka na pembetatu nyeupe upande mmoja na kipande cha picha upande usiostahili. Nimewahi kuona shiti ikikwama mlangoni, mashine ikazunguka tupu, na shiti zilizofuata zikatoka na uchafu mgongoni. Kwa hiyo ninapoambiwa noti fulani imekosewa, swali langu la kwanza huwa moja: ilikosewa katika hatua gani? Asiyeweza kuitaja hatua, hata kwa kubahatisha, bado hajafika mahali pa kusema kosa la uchapaji.

Noti ya dola moja ni ya kushukuru kwa sababu hatua zake ni chache. Kwanza huchapwa nyuma, kwa wino wa kijani. Kisha huchapwa mbele, kwa wino mweusi: picha ya Washington, fremu na maandishi. Hatua hizi mbili hutumia bamba lililochongwa. Wino hujaa ndani ya mifereji ya bamba, wa juu hufutwa, halafu karatasi hukandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka iunyonye ule uliobaki mferejini. Ndiyo sababu ukipitisha ukucha juu ya noti mpya unasikia kuparuza. Hatua ya tatu huja baadaye, kwenye mashine nyingine kabisa, na hapo ndipo zinapogongwa namba za noti na muhuri wa Hazina kwa wino wa kijani, pamoja na muhuri mweusi wa benki upande wa kushoto. Mwisho shiti hukatwa. Kwa miaka mingi shiti moja ilibeba noti 32. Siku hizi zipo za noti 50.

Sasa turudi kwenye kivuli. Kosa la namna hiyo lipo kweli na wakusanyaji wanalijua sana. Linatokea hivi: shiti inachelewa au inakwama, bamba linashuka na hakuna karatasi, wino unaangukia moja kwa moja kwenye ngoma ya kukandamizia, ile silinda inayoisukuma karatasi kwenye bamba. Shiti inayofuata ikiingia, mbele yake inachapwa kama kawaida, lakini mgongo wake unalalia ngoma iliyokwisha kupakwa wino, na unachukua picha ileile ikiwa imegeuzwa. Shiti ya kwanza hutoka na kivuli kikali, ya pili hafifu kidogo, ya tatu hafifu zaidi, mpaka ngoma iishiwe wino.

Ukiyafahamu hayo, kuna mambo mawili unaweza kuyakagua bila chombo chochote cha ajabu. La kwanza ni mahali kivuli kilipokaa. Bamba na ngoma huzunguka pamoja kwa mpangilio mmoja, kwa hiyo kivuli cha kweli hakitangitangi. Ukiinua noti mbele ya dirisha mwanga ukapita ndani yake, pua ya kivuli inakaa juu ya pua yenyewe, na fremu inakaa juu ya fremu. Kikiwa kimeenda kando nusu kidole, au kimelala mshazari, sijui ni ngoma ipi ingefanya hivyo.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Hatua ya mbele inachapa uso na fremu. Haichapi namba, kwa sababu saa hiyo namba bado hazijazaliwa. Ngoma ya mashine ile haiwezi kubeba wino ambao mashine ile haina. Vilevile, ajali ikitokea kwenye hatua ya tatu, mgongoni utaona kivuli cha namba na mihuri, bila Washington. Noti ya ndugu yetu ina vyote viwili, uso na namba, kwenye kivuli kimoja. Kwa njia ya kiwandani hilo linahitaji ajali mbili, kwenye mashine mbili, katika nyakati mbili, na zote ziiangukie shiti ileile. Siwezi kuapa kwamba haiwezekani. Lakini ipo njia fupi zaidi ya kufika hapo: noti iliyokwisha kukamilika ililala juu ya noti nyingine iliyokamilika, kukawa na unyevu au joto na mkandamizo, wino ukahama. Noti mbili zilizolowa ndani ya pochi na kukaliwa zinaweza kuachiana alama bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Simtuhumu msomaji wenu kwa lolote.

Nilichukua kioo changu cha kunyolea nikakiweka kwenye ukurasa wa gazeti ili nisome namba za kivuli. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza kulinyoa gazeti. Tarakimu ya mwisho ya kivuli naisoma 7. Tarakimu ya mwisho ya noti yenyewe, mbele, ni 2. Kama nimesoma sawasawa, kivuli hicho si cha noti hiyo. Ni cha jirani yake. Lakini picha ya gazeti ni vitone, nami nimevichapa vitone vya aina hiyo maisha yangu yote, najua vinavyoweza kuigeuza 2 ikawa 7 na 7 ikawa 1. Hapo ndipo ninapoishia kwenye uhakika wangu.

Labda nieleze kwa nini jambo hili linanigusa kuliko linavyostahili. Marehemu kaka yangu alikuwa mkusanyaji wa noti, mimi nilikuwa mtazamaji tu. Aliponiachia albamu zake, ndani ya moja kulikuwa na noti ya dola moja ya toleo la 1977 yenye muhuri wa Hazina wa njano badala ya kijani. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala, ameandika kwenye kadi: “Kosa la wino, kiwandani.” Aliipata kwa muuzaji mmoja kwa kumpa noti nyingine tatu nzuri, na kila mgeni aliyefika nyumbani alionyeshwa ile ya njano kwanza.

Kaka hakuwa mjinga. Alijua kwamba muhuri wa njano halisi umewahi kuwapo. Mwaka 1942, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilitoa noti za pekee kwa ajili ya askari wake waliopelekwa Afrika Kaskazini, zenye muhuri wa njano na namba za bluu, ili zikitekwa na adui ziweze kutambulika na kutangazwa kuwa si fedha tena. Ilikuwa makusudi, si kosa. Nadhani kujua hilo ndiko kulikomponza; akili yake ilikwisha kukubali kwamba njano inawezekana, basi macho yakaacha kuuliza. Lakini ile ni noti ya 1977. Vita vilikwisha zamani.

Ilinichukua muda kuitoa kwenye mfuko wake wa plastiki. Siku niliyoitoa, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba namba zake ni za kijani safi. Muhuri na namba hugongwa katika hatua moja, kwa wino wa kijani uleule. Wino ungeharibika, namba zingeharibika nazo. Nikachukua lenzi ya kukuzia mara kumi. Katikati ya meno ya muhuri, pale wino ulipokuwa mzito, kijani bado kimejificha kama uchafu kwenye kucha. Nyuzi za karatasi mahali hapo zimesimama, hazikulala kama za sehemu nyingine. Halafu nikaona kilichomaliza ubishi: namba ya juu upande wa kulia imepita karibu na muhuri, na tarakimu zake mbili za mwisho zimepauka miguuni tu, vichwa vikabaki na rangi. Maji maji ya dawa yalitandazwa juu ya muhuri na yakavuka mpaka. Mashine haitii rangi miguu ya tarakimu peke yake.

Nikamalizia na taa ya urujuanimno, ile inayotumika kukagulia noti. Karatasi ya noti haitiwi vile viweupishi, dawa za kuzidisha weupe, vinavyotiwa kwenye karatasi za kawaida, kwa hiyo chini ya taa hiyo hubaki imefifia. Ya kaka ilikuwa imefifia kote isipokuwa duara linalong'aa kuuzunguka muhuri. Sabuni nyingi za kufulia zina viweupishi hivyo. (Wenye noti zilizosahauliwa mfukoni zikafuliwa na suruali, jaribuni, zitang'aa zote. Hilo nalo si kosa la kiwandani, ni kosa la mwenye suruali.)

Kanuni niliyoitumia pale si ya noti peke yake, ni ya kila kitu kilichochapwa: kilicho juu kilikuja baadaye. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni noti ya dola 20 ya toleo la 1996, iliyochapwa Fort Worth, Texas, ambayo ina lebo ya ndizi ya Del Monte imebandikwa mbele. Ilitoka kwenye mashine ya kutolea fedha ikaangukia mikononi mwa mwanafunzi wa chuo huko Ohio. Mtu yeyote anaweza kubandika lebo ya tunda juu ya noti, hata mtoto. Iweje basi wakusanyaji waigombee noti hiyo mnadani zaidi ya mara moja? Kwa sababu muhuri wa kijani na namba zimepita juu ya lebo. Lebo ilifika pale baada ya picha ya mbele kuchapwa na kabla ya hatua ya tatu, yaani ndani ya kiwanda. Imeandikwa pale pale kwenye noti, asomaye anasoma. Ingekuwa lebo imekaa juu ya muhuri, hadithi ingekwisha dakika hiyo.

Bei yake nimeiacha makusudi. Bei zinapotajwa, watu huanza kuona makosa kila mahali.

Mikunjo nayo ina hadithi yake, na hapa rula inatosha. Mstari mweupe unaokatiza picha unaweza kuwa umetokana na karatasi iliyojikunja ndani ya mashine, wino ukapita juu ya mkunjo. Marekani yenyewe ilihangaishwa na jambo hilo: noti mpya ya dola 100 iliyoonyeshwa mwaka 2010 haikutoka mpaka Oktoba 8, 2013, sababu mojawapo ikiwa karatasi iliyokuwa ikijikunja na kuacha sehemu zisizo na wino. Mkunjo wa kweli ukiufungua, karatasi iliyofichwa inajitokeza. Kama shiti ilikatwa ikiwa bado imekunjika, noti ikinyooshwa inazidi kipimo chake. Noti ya dola ina urefu wa milimita 156. Ukipima yenye mstari mweupe ukapata 156 kamili, uliza zaidi. Pengine mstari umesuguliwa kwa kifutio, na lenzi itakuonyesha nyuzi zilizochubuka. Noti iliyokatwa kombo ni ngumu zaidi kuihukumu, kwa sababu tangu miaka ya 1980 kiwanda cha Marekani kimekuwa kikiwauzia wakusanyaji shiti ambazo hazijakatwa. Mwenye mkasi na shiti anaweza kujikatia kombo apendavyo. Ningetaka kuona angalau kwamba namba ya noti haimo katika mafungu yaliyotengwa kwa shiti hizo.

Liko kundi jingine ambalo magazeti hulichanganya na haya, nanyi mlilichanganya kwenye kisanduku kidogo pembeni ya picha. Mwaka 2018 Australia ilitoa noti mpya ya dola 50 ambayo ndani ya maandishi yake madogo sana, katika hotuba ya Edith Cowan, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchini humo, neno moja la Kiingereza limekosa herufi i. Halikugunduliwa hadharani mpaka Mei 2019, na kufikia hapo noti kama milioni 46 zilikuwa zimechapwa. Ufilipino, mwaka 2005, ilipata noti za peso 100 zilizoliandika jina la rais Arroyo kuwa “Arrovo”. Haya ni makosa ya aliyeandaa bamba na wasahihishaji waliolipitisha. Mashine ilifanya kazi yake barabara, ilichapa ilichopewa. Noti ya namna hiyo haipambanuki na wenzake. Zote ni hivyo hivyo. Nazo zile za Kanada za 1954, ambazo watu waliona uso wa shetani kwenye nywele za Malkia Elizabeth, hazina kosa hata moja. Mchongaji alifuata picha, vivuli vya nywele vikaangukia vibaya, na tangu mwaka 1956 mabamba yakarekebishwa kwa sababu ya maneno ya watu.

Na kuna kosa ambalo hata mimi na lenzi yangu na kioo changu hatuwezi kuliona. Noti za dola moja za toleo la 2013 zenye herufi B mwanzoni na nyota mwishoni mwa namba, nyota ikiwa alama ya noti inayochapwa kuziba pengo la iliyoharibika, zilichapwa mara mbili kwa namba zilezile, sehemu moja katika mji wa Washington na nyingine Fort Worth. Jozi kama milioni 6.4. Ukiishika moja, iko sawa kabisa. Kosa linaonekana tu ukimpata pacha wake. Watu wazima wamekuwa wakitafutana kwa ajili ya kukutanisha noti mbili, nami nikiwasoma huwa nacheka, ila ningekuwa nayo moja ningetafuta pia.

Namwomba msomaji wenu mambo machache, na ninyi mumsaidie kwa nafasi. Aipige noti picha upya, si kwa mwanga wa mbele tu. Aiweke dirishani mwanga upite ndani yake, tuone kama pua imekaa juu ya pua. Aipige picha nyingine taa ikiwa imelala ubavuni, tuone kama wino wa kivuli umeinuka au umeingia ndani ya karatasi kama doa. Asiifute, asiipige pasi, asiitie kwenye kitabu kizito ili inyooke. Akiweza kuisoma namba ya kivuli kwa kioo, aiandike kando ya namba ya noti, tarakimu kwa tarakimu, nyinyi mzichape mbili hizo zikiwa zimepangwa juu na chini.

Zikilingana, na pua ikakaa juu ya pua, basi mimi ndiye niliyevidharau vitone vya gazeti, na nitaandika barua nyingine kusema hivyo. Ya kaka nimeirudisha kwenye mfuko wake, na kadi sijaigusa.

Wako,
Mchapaji mstaafu